Picha ya Tumbo

Jamhuri,
14 Februari 2023

Kwa Sista Kaindi,

Sasa hivi tu Quincy ametoa ulimi akalamba kioo cha kabati, kisha akajiona humo ndani akacheka. Uliniambia nisikuandikie ati mtoto ako salama, nikuandikie kitu amefanya saa hiyo hiyo. Basi ndicho hicho. Kioo bado kina mate.

Nimeandika barua kwa sababu simu haiwezekani. Ya Oduor inaenda na yeye kazini, kichinjioni Dagoretti. Ile ya nyumba inakaa kwa mfuko wa aproni ya mama mkwe, na meseji zote anasoma yeye kwanza, tena kwa sauti, kama matangazo ya kanisa. Mama Peres si mtu mbaya. Lakini hajui. Anajua tu tulikaa miaka sita bila mtoto halafu Mungu akatukumbuka. Hajui habari ya sindano, wala ile siku mlinionyesha nukta tatu kwa kioo cha mashine mkasema moja ikishika tumboni ndiyo mtoto. Kuna mama wa kanisa alipata mapacha kwa kliniki kama yenu, na Mama Peres akasema nikiwa hapo hapo nakaanga omena, "Hao ni watoto wa friji." Mimi nikaendelea kugeuza omena.

Na yeye ndiye alimpa Quincy jina la Obuya, la marehemu mzee wake. Alisema mzee alimjia kwa ndoto akauliza, "Sasa mimi nitarudi lini?" Sista, nitamwambia aje kwamba mzee alirudi kupitia friji?

Wiki iliyopita daktari wenu alimpiga picha na kamera. Alipiga ulimi, na zile alama ndogo za sikio, na mguu wa kulia ambao umeshinda wa kushoto. Halafu mkaongea Kiingereza, haraka, nikashika neno moja moja. Mimi shule niliachia darasa la saba. Ukasema utanieleza. Basi nieleze kwa barua, umpe Namalwa anayefagia hapo kwenu, anaishi ploti ya nyuma yetu. Lakini usiandike maneno ya hospitali. Mama Peres akiipata, aone ni ya rafiki.

Viatu sasa ni namba saba kulia na tano kushoto. Kwa mitumba nanunua jozi mbili ili nipate moja. Oduor anasema atakuwa mchezaji, mguu mmoja wa kukimbia na mwingine wa kupiga. Kilo ni kumi na sita na hata miaka miwili hajafika. Watu wote huku wanasema ni baraka. Wewe unasema nini?

Ni mimi,
Ndunge, Mama Quincy


Spring Valley,
17 Februari 2023

Mpendwa Mama Quincy,

Nimecheka peke yangu kwa sababu ya kioo. Uendelee kuniandikia hivyo hivyo.

Nitafanya ulivyoomba, niandike maneno ya nyumbani tu. Mwanao anakua haraka kuliko inavyotakiwa, na upande mmoja wa mwili unakimbia kuliko mwingine. Huo ulimi mkubwa ni sehemu ya jambo hilo hilo. Watoto wa hivyo ni wachache sana. Ila kati ya wale waliopatikana kwa njia kama yako huonekana mara nyingi kidogo, na ndiyo sababu mojawapo tunawafuata mpaka wafike miaka kumi. Si kosa la mtu. Wengi wao hupunguza mwendo wakikua, wakawa watu kama watu.

Jambo moja nakuomba, na hili usilikose hata ukikosa mengine yote. Kila baada ya miezi mitatu apigwe picha ya tumbo, mpaka afike miaka saba. Si lazima uje mpaka huku. Hapo barabara ya Ngong, karibu na kwenu, wako wanaopiga. Picha ikitoka, umpe Namalwa ailete iwekwe kwenye faili. Tukiwa na picha, kitu chochote kikianza tutakiona kikiwa bado kidogo.

Mwezi ujao naenda Eldoret kwa mafunzo ya mwaka mzima. Vitu vyako vitapokelewa na Bwana Masila wa chumba cha faili. Andika juu ya bahasha jina la mtoto na kilichomo ndani, na kama kuna maneno yangu, andika jina langu. Nikirudi nitasoma zote.

Msalimie Baba Quincy.

Kaindi


Jamhuri,
20 Mei 2023

Kwa Sista Kaindi,

Sasa hivi tu Quincy amevaa ndara za nyanya yake akatembea mpaka mlangoni, akageuka kunipungia mkono kama mtu anaenda kazini.

Picha ndiyo hii. Nilienda kwa Omollo mwenye studio, hapo karibu na stendi, kwa sababu simu yetu inatoa picha za ukungu na nilitaka muone vizuri. Omollo alishangaa. Akasema, "Mama, watu huleta mtoto na suti, wewe unamvua shati?" Nikamwambia ni ya hospitali. Akasema, "Kama ni ya serikali basi asimame wima na asicheke." Hapo ndipo Quincy alicheka, na ndivyo ametokea. Nyuma yake ni maporomoko ya maji, yamechorwa kwa pazia. Usijali hayo. Nimepigisha mbili, ya mbele na ya upande, ndiyo tumbo lionekane lote.

Mama Peres aliuliza tunatoka wapi. Nilisema tulienda kupiga picha. Haikuwa uongo, nikashukuru vile ulinichagulia neno.

Ndunge


Kliniki, chumba cha faili,
23 Mei 2023

Kwa mzazi wa Quincy Obuya,

Picha ya tumbo imepokelewa na kuwekwa kwenye faili. Kwa kuwa bahasha imeandikwa jina la Sista Kaindi, sikuifungua. Asante kwa ushirikiano wako.

E. Masila


Jamhuri,
19 Agosti 2023

Kwa Sista Kaindi,

Sasa hivi tu ameita "Dani", yaani nyanya, vizuri kabisa, ulimi haukumzuia. Mama Peres amelia. Ameniita nyar Kamba, binti wa Wakamba, ameniambia, "Umenizalia mzee wangu na kilo zake." Nimekaa jikoni nikisikia vizuri na vibaya pamoja.

Picha ya pili hii hapa. Omollo siku hizi akituona tu anamwambia, "Bingwa, vua shati!"

Namalwa ananiambia kuna karatasi ukutani hapo kwenu yenye majina ya watoto, na kwa Quincy kuna tiki. Na hii ya leo itakuwa ya pili. Sista, usicheke, lakini mimi sijawekewa tiki tangu darasa la nne. Nilimwambia Oduor usiku huo, tumefaulu. Huko Eldoret kuna baridi? Vaa nzito.

Ndunge


Jamhuri,
18 Novemba 2023

Kwa Sista Kaindi,

Sasa hivi tu Quincy ametoa chungwa mdomoni akampa paka.

Kuna kitu nataka muangalie. Jumapili ni Oduor humuogesha. Jumapili iliyopita alikuwa anaimba, akanyamaza ghafla na mkono ukiwa hapo ubavuni, upande wa kushoto. Akasema, "Ndunge, kuja ushike hapa." Nikashika. Kuna ngumu, kama kiazi kiko chini ya blanketi. Oduor akasema, "Mimi natoa figo za ng'ombe kutoka asubuhi hadi jioni. Figo haikai hivi."

Mama Peres akaja, naye akashika. Akasema, "Hiyo ni shibe. Nyinyi mnataka mtoto awe bapa kama chapati?" Akampa dawa ya minyoo. Oduor alitaka twende hospitali Jumatatu yake. Ni mimi nilikataa, Sista. Nilimvuta nje mpaka kwenye kamba za kuanika nguo nikamwambia, huko tutaulizwa alipatikana namna gani, na mama yako hatakubali tuende bila yeye. Halafu picha ziko. Bwana Masila hafungui, lakini zikishaingia kwa faili kuna watu wamesoma wanaziangalia kila miezi mitatu, na wameweka tiki. Kungekuwa na kitu si wangetuita? Akafikiria, akasema ni kweli.

Kwa hiyo hii ya leo nimemwambia Omollo asogeze kamera karibu, upande wa kushoto. Nimeweka alama ya kalamu nyuma ya picha mahali penyewe. Wakikutumia hii huko Eldoret, tafadhali mwambie Bwana Masila aangalie hapo. Kama ni kitu, mniite. Mkinyamaza nitajua ni shibe.

Ndunge


Kliniki, chumba cha faili,
22 Novemba 2023

Kwa mzazi wa Quincy Obuya,

Picha ya tumbo (ya tatu) imepokelewa na kuwekwa kwenye faili. Asante kwa ushirikiano wako.

E. Masila


Jamhuri,
17 Februari 2024

Kwa Sista Kaindi,

Sasa hivi tu Quincy amelala. Ni saa tano asubuhi. Amekuwa analala mchana sana, nafikiri ni joto.

Hii ni ya nne. Mwaka mzima na sijakosa hata moja. Shati la Krismasi halifungi tena vifungo vya chini, Mama Peres anafurahi. Uso ndio umekonda, sijui kwa nini uso ukonde na tumbo lizidi. Mkojo umekuwa kama chai ya rangi siku tatu hizi. Nilikuwa nimempa maji ya bitruti, kwa hivyo nimeacha bitruti.

Leo Omollo hakumwita bingwa. Alipiga picha, akaangalia, akaniambia, "Mama Quincy, hospitali wameona hii?" Nikamjibu ndiyo inaenda huko. Akakataa pesa.

Lakini tiki ni tatu, na hii itakuwa ya nne. Najishikilia hapo. Wewe unarudi mwezi ujao, nitakuja mwenyewe tukae tuongee, nikuletee na ndengu.

Ndunge


Spring Valley,
4 Machi 2024, saa nne asubuhi

Mama Quincy,

Nimerudi kazini leo. Nimefungua faili.

Nimepiga simu mara tatu. Zote zimepokewa na mama mkwe. Nimemwambia ni habari ya chanjo, akanijibu kwamba mtoto ameshiba na wewe umeenda kufua. Namalwa anakuletea hii sasa hivi, nimemtoa kazini.

Mbebe Quincy, mje. Usingoje Oduor, usingoje nguo zikauke. Akiuliza mtu, mwambie lolote, au mwambie kweli. Usimkandamize wala kumsugua tumbo, na mtu mwingine asimguse hapo. Kama hamjafika saa nane nakuja kwenu mwenyewe na gari.

Ndunge, nilimaanisha skani.

Kaindi


Spring Valley,
11 Aprili 2024

Mpendwa Ndunge,

Jana nilifika mpaka mlango wa wodi. Nilikuona umempa mgongo mlango, unamkata kucha. Nikarudi. Ndiyo maana naandika, kwa sababu miguu imekataa.

Nimezipanga zile picha mezani. Ya Mei sioni kitu, ni mtoto anacheka mbele ya maporomoko ya maji. Ya Agosti nimeitazama mpaka macho yakauma. Ya Novemba, hapo ulipoweka alama, kuna kivuli. Ya Februari hata mpita njia angeona. Bahasha zote zilikuwa zimefungwa, na gundi yako bado iko. Masila alisoma juu, "Picha ya tumbo", akaweka tiki. Nimemwuliza. Amesema, "Mimi ningejuaje? Nilifikiri ni picha." Akakaa chini. Kweli, ni picha.

Neno skani unalijua, ile mashine ya kuona ndani ya tumbo. Ulifanyiwa hapa hapa mara ngapi kabla ya Quincy? Lakini ulikuwa umeniomba nisiandike maneno ya hospitali, na mimi nikajiona mjanja wa kuficha. Watu wote wa wodi husema "kupigwa picha", na sikukumbuka kwamba siku ile ulimwona daktari na kamera mkononi. Nilipaswa kukupa karatasi ya kuonyesha pale unapokwenda. Sikukupa kwa sababu karatasi kwenu zinasomwa. Nikaenda Eldoret nikilala vizuri.

Kuna jingine, na ni bora ulisikie kwangu. Ripoti ya mradi wetu wa kuwafuata hawa watoto ilitoka Januari. Humo Quincy amehesabiwa na watoto waliochunguzwa kila miezi mitatu na kukutwa wazima. Nimeomba irekebishwe. Mkubwa wangu anataka niandike kwamba mzazi hakufuata maagizo. Nimemwambia huyu mzazi alifuata maagizo kuliko mtu yeyote kwenye karatasi ile ya ukutani. Labda sitakaa hapa muda mrefu.

Siombi unisamehe. Niambie tu amefanya nini sasa hivi.

Kaindi


Wodini,
20 Aprili 2024

Kwa Sista Kaindi,

Sasa hivi tu Quincy amelamba chuma cha kitanda. Amesema, "Balidi." Halafu amelamba tena kuhakikisha.

Basi ujue bado ni yeye. Nywele zimeisha, kichwa kimebaki kama yai, na tumbo limeshonwa kutoka ubavu mpaka ubavu. Ile figo ya kushoto walitoa pamoja na hicho kitu. Oduor aliuliza ilikuwa na uzito gani. Walipomwambia alitoka nje, na tangu siku hiyo hajaenda kichinjioni. Anasema mikono imekataa. Sasa anabeba magunia ya mkaa hapo Dagoretti sokoni, jioni anakuja hapa mweusi, Quincy anamcheka.

Sista, mimi sina ugomvi na wewe. Nimejaribu kukukasirikia na nikifika katikati nakumbuka ni mimi nilisema usiandike. Na ni mimi nilimvuta Oduor pale kwa kamba za nguo. Wewe ulikosea neno moja, mimi nilikuwa na mkono wangu hapo penyewe na nikautoa.

Mama Peres alijua siku ile ile. Nilikuwa nimembeba Quincy nakimbia, yeye nyuma anauliza chanjo gani hiyo ya kukimbiliwa. Nikasimama katikati ya barabara nikamwambia yote. Sindano, nukta tatu, friji. Akaniangalia. Akasema, "Nyar Kamba, sasa wewe ulifikiri nikijua nitasema arudishwe dukani?" Akamchukua Quincy mgongoni mwake, na miaka yake yote sabini, akakimbia kuliko mimi. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi, Sista. Ningesema mapema hakungekuwa na kitu. Nilikuwa naogopa mlango ambao haukuwa umefungwa.

Yeye siku hizi anakaa hapa mchana, mimi usiku. Anamwambia Quincy, "Obuya, mzee wangu, wewe ulishatangulia mara moja. Usinifanyie tena." Kwa sauti hiyo hiyo ya matangazo. Wodi nzima inasikia.

Nikuambie kitu cha hapa. Hakuna mama anaitwa jina lake. Ni Mama Quincy njoo uchukue dawa, Mama Quincy maziwa, Mama Quincy funga dirisha. Kando yangu kulikuwa na Mama Ivyne, tulikuwa tunagawana sabuni. Jumanne daktari mwenyewe alisimama mlangoni akaita, "Nzisa." Sikuwa najua anaitwa Nzisa. Aliingia naye kile chumba kidogo chenye viti viwili. Aliporudi hakulia, alianza kukunja blanketi. Walienda nyumbani jioni hiyo na Ivyne akiwa bado anapumua, amefungwa kwa leso. Walikuwa wameambiwa hakuna kitu kingine cha kufanya. Tangu hapo kina mama tukisikia mguu wa daktari mlangoni tunanyamaza wote, kila mtu anaomba aitwe kwa jina la mtoto.

Jana walimpiga Quincy skani ya kifua. Unaona, sasa nimeandika skani. Wanataka kujua zile alama za saratani walizoona kwa mapafu zimepungua na dawa ama bado. Majibu ni leo. Mimi naona zimepungua. Jana alimaliza uji nusu kikombe, na leo amelamba chuma, mtoto wa kuondoka halambi vitu. Kukohoa kumebaki usiku tu.

Zile picha usizitupe, na usiwape wenye ripoti zote. Niletee ile ya Mei ukija. Na uje, usiishie mlangoni, mimi nitageuka. Mama Peres ameshanunua suti, ya bluu, ameificha kwa Namalwa. Viatu pia tumepata, saba na tano, muuzaji mmoja alikubali kuvunja jozi akasema hizo zilizobaki atatafuta mtoto mwingine wa hivyo. Tukitoka hapa kitu cha kwanza ni kwenda kwa Omollo. Quincy atafunga vifungo vyote mpaka shingoni, asimame na Dani mbele ya yale maji, na hiyo haitaandikwa tumbo juu ya bahasha wala kuwekwa kwa faili, nitaitundika juu ya kabati pale alipolamba kioo, ndiyo kila mtu akiingia aone

Ngoja Sista, kuna mtu mlangoni. Wametulia wote. Ni daktari, ameshika karatasi, anauliza Ndunge ni